Gesi ya friji: Sifa za florini zimegeuka mzigo

FUNDI anapofungua friji mbovu na kuiachilia gesi yake hewani, haoni moshi. Gesi hiyo, aghalabu ile iitwayo R-134a, haiwaki moto wala haidhuru tabaka la ozoni. Ndiyo maana ilikumbatiwa miaka ya 1990.

Siri ni florini. Ikitwaa nafasi ya haidrojeni, hushikamana na kaboni kwa nguvu isiyo na kifani. Methani hudumu hewani miaka 12 hivi. Badilisha haidrojeni zake zote nne kwa florini, na gesi itakayopatikana itadumu takriban miaka 50,000! R-134a ingali na haidrojeni mbili, hivyo hudumu miaka 14 pekee, lakini kilo moja yake huongeza joto la dunia kuliko kilo 1,000 za kaboni dioksidi.

Makubaliano yaliyopitishwa Kigali mnamo Oktoba 2016 yanayataka mataifa mengi yanayostawi, Kenya ikiwemo, kupunguza matumizi ya gesi za aina hii kwa asilimia 80 kufikia 2045. Gesi mpya yaweza kuhesabiwa bandarini. Iliyomo tayari katika friji za mitumba ni vigumu kuifuatilia, na fundi asiye na mtungi wa kuinasia (nani atamnunulia?) ataendelea kuiachilia.