Mnawishe Mgeni!

Wiki hii naanza kwa kujisuta mwenyewe.

Nilikwenda Tabora kumsalimia shangazi. Kutoka stesheni begi langu lilibebwa na mzee mmoja mwenye baiskeli. Mimi nyuma, shati limenyooka, miwani ya jua usoni, najiona bosi kweli kweli. Tulipofika, shangazi akamkatalia mzee kuondoka: chakula tayari, ale kwanza. Kisha akanigeukia. "Baba, mnawishe mgeni."

Mimi? Mtu wa Dar nimnawishe mbeba mizigo? Nikajifanya natafuta simu mfukoni. Shangazi hakusema kitu. Akachukua birika na beseni, akapiga magoti, akammiminia maji yule mzee. Jamani, ugali ulinikwama kooni!

Jioni ndipo aliponipa dozi yangu. Shangazi kakulia Karema, kandokando ya Ziwa Tanganyika, na huko jina la Adrian Atiman halijasahaulika. Alizaliwa kama mwaka 1866 karibu na Timbuktu, nchi ya Mali. Akiwa mtoto aliibwa, akauzwa utumwani, mpaka Mapadre Weupe wakamkomboa huko Aljeria. Wakampeleka Malta kusomea udaktari. Sasa fikiria mwenzangu: kijana, msomi wa Ulaya, tena mtu huru. Mimi na wewe tungetafuta nini? Gari na nyumba!

Yeye mwaka 1888 akafunga safari ya huku kwetu. Akaifuata bara kutoka pwani, njia ya misafara, njia iliyopitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Mwaka 1889 akafika Karema. Akatibu wagonjwa, akafundisha dini, akaoa huko huko, akatumikia hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67!

Aliyefanywa mtumwa kwa nguvu akawa mtumishi kwa kupenda. Maneno mawili hayo yanafanana, lakini kati yao kuna bahari.

Paulo aliwaandikia Wafilipi, sura ya pili, kwamba Kristo alikuwa na utukufu wote, akauweka kando, akatwaa hali ya mtumwa, akatii mpaka msalabani. Usiku wa kuamkia kifo chake aliosha miguu ya wavuvi. Nani alimlazimisha? Hakuna.

Kwa hiyo tusichanganye mambo. Dada anayepigwa na mumewe usimwambie "nyenyekea kama Yesu". Huo ni uonevu, hata ukisemwa kanisani. Yesu alimtii Baba yake, hakumtii kila mwenye fimbo. Tena anayetakiwa kuinama kwanza ni mwenye shati lililonyooka. Mwenye mzigo kichwani ameshainama siku nyingi.

"Hapa Tabora," shangazi akamalizia, "wazungu na waarabu wote wenye majina makubwa walibebewa mizigo na wapagazi wa Kinyamwezi. Majina ya wapagazi unayajua mangapi?" Nikanyamaza. Hata la yule mzee wa baiskeli sikuwa nimemuuliza.

Asubuhi ya kuondoka alikuja tena kuchukua begi. Chai ilikuwa mezani. Safari hii nikamuuliza jina, nikashika birika kabla sijaambiwa. Magoti yaligoma kidogo, lakini yalifika chini.

Mzee akanyoosha mikono, akacheka. "Leo umepona, mjukuu wangu?"

Naendelea na dozi, babu. Tukutane wiki ijayo!