Idi katika nyumba iliyofiwa



Ndugu Waislamu, kila Idi inapokaribia husikika mawaidha mengi kuhusu israfu, mavazi yasiyo na stara na maasi yanayofanyika katika kumbi za starehe. Mawaidha hayo yana mahali pake. Lakini wapo wenzetu ambao hayawahusu hata kidogo, kwa kuwa hata sufuria la pilau hawana hamu ya kulibandika jikoni. Hao ni wale ambao tangu Idi iliyopita wamezika baba, mke, au mtoto. Leo tuzungumze nao, na tuzungumze pia na jamaa na majirani zao, maana mara nyingi makosa huanzia kwa hao wanaomzunguka mfiwa.

Makosa yenyewe ni mawili. Katika baadhi ya familia zetu Idi ya kwanza baada ya msiba hugeuzwa kuwa matanga ya pili. Watoto hawavishwi nguo mpya, wageni huja kuomboleza upya, na anayeonekana kucheka husemwa kuwa hakumpenda marehemu. Upande wa pili wapo wanaomkaripia mfiwa kwamba leo ni siku ya furaha, afute machozi, asije akaikufuru neema ya Mola wake. Makundi haya yanaonekana kupingana, lakini ukiyachunguza utakuta yamekubaliana katika jambo moja, nalo ni kwamba shukrani na huzuni haziwezi kukaa pamoja katika moyo mmoja. Dai hilo halina mashiko katika dini yetu, na ushahidi wa kulikanusha unapatikana katika Idi ya kwanza kabisa waliyoisherehekea Waislamu.

Kwa mujibu wa wanahistoria wengi wa Kiislamu, Idi el-Fitri ya kwanza ilisaliwa Madina mwaka wa 2 Hijria, mwaka ule ule ilipofaradhishwa funga ya Ramadhani. Ramadhani hiyo ndiyo ya vita vya Badri, vilivyopiganwa siku ya 17 ya mwezi. Kutoka Badri hadi Idi zilipita kama wiki mbili tu. Waislamu walipata ushindi ambao hakuna aliyeutarajia, lakini 14 kati yao hawakurudi nyumbani, sita wakiwa Muhajirina na wanane Ansari. Wakati huo huo binti yake Mtume (S.A.W.), Bibi Ruqayya, alikuwa mgonjwa mahututi Madina, na mumewe, Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.), aliamriwa abaki kumuuguza. Zaid bin Haritha (R.A.) alipoingia mjini na habari njema za ushindi, aliwakuta watu wakilisawazisha kaburi la Bibi Ruqayya.

Tulitafakari hilo kidogo, ndugu msomaji. Takbira na kaburi katika saa moja. Na siku chache baadaye Mtume (S.A.W.) anawatoa Waislamu kwenda uwanjani kusali Idi, naye ni baba aliyefiwa na binti, na nyuma yake katika safu wamo wajane, mayatima na wazazi waliopoteza vijana wao. Hakuiahirisha Idi kwa sababu ya msiba wake. Wala hatujapata kusikia kwamba aliwakataza waliofiwa kuwa na majonzi.

Mmoja wa wale 14 alikuwa kijana, Haritha bin Suraqa. Anas bin Malik (R.A.) anasimulia, katika hadithi iliyopokewa na Imam Bukhari, kwamba mama yake alimwendea Mtume (S.A.W.) kumuuliza mwanawe yuko wapi. Akasema kwamba ikiwa yuko Peponi atasubiri, na ikiwa si hivyo atamlilia kwa bidii yake yote. Mtume (S.A.W.) akamjulisha kwamba Pepo ni mabustani mengi, na kwamba Haritha yumo katika Firdausi iliyo juu kabisa. Mama huyo hakukemewa kwa swali lake wala kwa uchungu wake.

Miaka kadhaa baadaye Mtume (S.A.W.) alifiwa na mtoto wake mdogo Ibrahim, naye akalia mbele ya watu. Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipostaajabu, alijibiwa kwamba machozi yale ni rehema, kisha Mtume akaeleza kwamba jicho hutokwa na machozi na moyo huhuzunika, bali ulimi hausemi ila lile linalomridhisha Mola. Kilichowekewa mpaka hapo ni ulimi na mikono, yaani kupiga mayowe, kujipiga mashavu na kuchana nguo. Moyo haukuwekewa mpaka. Nabii Yaaqub (A.S.) naye, kama tunavyosoma katika Suratu Yusuf, alihuzunika hadi macho yake yakawa meupe, na bado ni katika vigezo vyetu vya subira.

Sasa tuje kwenye shukrani. Katika Suratul Baqara, aya ya 185, Mwenyezi Mungu anatutaka tuikamilishe idadi ya siku za kufunga, tumtukuze kwa kuwa ametuongoza, na tupate kushukuru. Angalia shukrani hiyo imefungamanishwa na nini. Imefungamanishwa na uongofu na kukamilika kwa ibada. Haikusemwa tushukuru kwa kuwa jamaa wote wamekusanyika kwenye sinia bila kupungua hata mmoja. Kwa hiyo mjane aliyefunga Ramadhani yake na kuimaliza ana jambo la kulishukuru ambalo mauti hayakuligusa, na anaweza kuleta takbira huku sauti ikimkatika. Takbira ya namna hiyo, kwa maoni yangu, huenda ikawa nzito kuliko za wengi wetu tunaozileta tukiwa tunaifikiria biriani.

Isidhaniwe kwamba haya ni maneno ya vitabuni tu. Meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, siku kama kumi tu baada ya Idi el-Fitri. Mamia ya watu walikufa, na familia nyingi hazikupata hata mwili wa kuzika. Idi el-Hajj ikaingia mwezi wa Novemba mwaka huo huo, kabla machozi hayajakauka. Mtu wa kuwaambia watu wale wafurahi kama kwamba hakuna lililotokea atakuwa mtu wa namna gani? Na nani aliyekuwa na haki ya kuwaambia Idi si yao?

Sheria nayo haikuacha jambo hili wazi. Kukaa matanga kwa kuacha mapambo kumewekewa siku tatu, isipokuwa mke kwa mumewe, ambaye hukaa eda miezi minne na siku kumi. Bibi Ummu Habiba (R.A.), alipofiwa na baba yake, Abu Sufyan, aliagiza manukato baada ya siku tatu akajipaka, akieleza kwamba hakuwa na haja nayo ila ameyasikia hayo kutoka kwa Mtume. Hakuwa na haja nayo! Yaani moyo ulikuwa bado mzito, lakini alitii. Basi mama aliyefiwa na ndugu yake miezi minane iliyopita asizuiwe kuvaa nguo nzuri siku ya Idi kwa kuogopa maneno ya mawifi. Na mjane aliye katika eda anajizuia na mapambo na manukato yeye mwenyewe. Wanawe hawamo katika hukumu hiyo.

Liko pia deni la jirani. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib (R.A.) katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliagiza watu wa nyumba yake wapikiwe chakula kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Sisi mara nyingi tumeigeuza sunna hii, mfiwa ndiye anayepika na sisi ndio tunaokula. Siku ya Idi ni nafasi ya kuirekebisha. Sahani ipelekwe asubuhi, ikiwa moto, na anayeipeleka asimtaje marehemu kama mfiwa hakumtaja, na akimtaja, asikatishwe.

Watoto ndio wa kuangaliwa zaidi. Wapewe sikukuu yao kama wenzao na waachwe wacheze. Na yule mvulana aliyezoea kwenda kusali Idi akiwa ameshikwa mkono na baba yake, ami yake au jirani ampitie mapema baada ya Alfajiri waende pamoja uwanjani, bila kungoja kuombwa na mama yake.