Siri ya Mgonjwa ni Amana

Miongoni mwa haki za raia zisizopigiwa kelele majukwaani, iko moja ambayo kila mmoja wetu huihitaji siku asiyoitaraji: haki ya mgonjwa kutibiwa kwa ukamilifu bila ya siri ya mwili wake kutangazwa barazani. Tunaiandika leo kwa kuwa visiwa vyetu ni vidogo na watu wake wanajuana kwa majina na kwa nasaba. Neno likitoka katika gari la wagonjwa Adhuhuri, huwa limekwisha fika sokoni kabla ya Alasiri.

Wako wanaodhani kwamba siri na tiba ni mambo yanayopingana. Ati ukitaka siri itunzwe, karatasi zifungiwe. Na ukitaka tiba itengenee, kila mtu azisome. Sisi twasema hoja hiyo ni batili. Khabari za mgonjwa zina njia moja ya halali: kutoka mkononi mwa aliyemhudumia njiani mpaka mkononi mwa atakayemhudumia hospitali. Kuiziba njia hiyo ni dhulma, na kuzitoa khabari nje ya njia hiyo ni dhulma vile vile.

Natuitazame dhulma ya kwanza. Mgonjwa wa Kojani huvushwa kwa chombo, kisha hupakiwa garini kupelekwa Wete au Chake Chake, na maradhi yakizidi huenda akavushwa tena bahari kupelekwa Mnazi Mmoja, Unguja. Kila kituo hupokewa na mikono mipya. Mzazi aliyeshikwa na kifafa cha mimba hupewa dawa ya magnesiamu salfeti, na katika utaratibu unaotumika sana kipimo cha kuanzia ni gramu 14: gramu 4 katika mshipa na gramu 10 katika misuli. Ikiwa aliyemhudumia hakuandika alichompa na saa aliyompa, daktari anayempokea husimama baina ya khatari mbili. Akiirudia dawa, ikizidi yaweza kuzuia pumzi. Akiiacha, kifafa chaweza kurudi. Vivyo hivyo kwa mwanamke anayetokwa na damu baada ya kuzaa: Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2017 kwamba dawa ya traneksamiki asidi itolewe kabla ya kupita saa 3 tangu kuzaa. Nani atakayemjulisha daktari saa hiyo, ikiwa karatasi imebaki garini, mgonjwa hana fahamu, na jamaa aliyemfuata amefazaika?

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi amfichaye daktari maradhi ya mwenziwe, akajitetea kwa jina la siri, anamwumbua asiyekuwa na kauli. Hata Marekani, ambako sheria ya mwaka 1996 ilizaa kanuni kali za siri za wagonjwa zilizoanza kushurutishwa mwaka 2003, kanuni hizo zinawaruhusu watu wa gari la wagonjwa kuikabidhi hospitali khabari za tiba bila ya kungoja idhini ya mgonjwa. Wala hazikuizuia hospitali kuwarejeshea watu hao khabari za matokeo, ili wajue walipopatia na walipokosea. Anayezuia karatasi kwa kisingizio cha siri hakuielewa siri.

Tuje katika dhulma ya pili. Kwetu, mwosha maiti huona asiyoyaona mtu mwengine, na heshima yake yote imo katika kunyamaza. Aibu ya maiti, twasema, aijuaye mwosha. Ikiwa maiti, ambaye hana tena la kumdhuru, tunamstahi hivyo, vipi aliye hai, mwenye mume, mwenye kazi, mwenye binti wa kuozwa, jina la maradhi yake litajwe na kila aliyebeba machela, au picha yake akiwa majeruhi irushwe kwa simu katika makundi ya WhatsApp kabla jamaa zake hawajapata khabari?

Upo mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022 na kufika mpaka visiwani kwetu, ambao mja mzito au mzazi aliyezidiwa huitiwa usafiri kwa namba 115 bila ya malipo. Na pasipo gari la wagonjwa, dereva wa kawaida wa mtaani aliyekubaliwa hulipwa ampeleke. Mpango huo ni wa kheri na hatuupingi. Lakini dereva huyo ni jirani. Yampasa ajue anamtoa mgonjwa wapi, anampeleka wapi, na kwamba afanye haraka. Iwapo mgonjwa ana virusi vya UKIMWI, au mimba ni ya nani, hayo hayamhusu.

Na liko jengine, ambalo wanachama wetu hawahitaji kufafanuliwa sana. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 raia walipigwa risasi Unguja na Pemba, na wako majeruhi waliochelea kuyapeleka majeraha yao hospitali kwa khofu ya kukamatwa. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari kukimbilia Kenya. Mtu akikhofu kwamba karatasi yake ya tiba itasomwa na polisi, atafia nyumbani. Ndiyo maana tunasema siri ya mgonjwa si anasa ya matajiri. Ni mlango wa hospitali wenyewe.

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inamhifadhi kila mtu katika nafsi yake na maisha yake ya faragha. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini kwa upande wa Zanzibar sheria hiyo haigusi mambo yasiyokuwa ya Muungano, na afya si jambo la Muungano. Kwa hiyo kinga ya mgonjwa wa hapa yapasa itungwe hapa, na Baraza letu la Wawakilishi, kwa maneno yasiyo na shaka.

Tunadai mambo manne. Kwanza, kila mgonjwa anayepakiwa garini au chomboni aandikiwe karatasi yake, yenye saa, vipimo na dawa alizopewa, na ikabidhiwe kwa sahihi ya mpokezi. Pili, hospitali iwarejeshee waliomleta khabari za matokeo, kwa ajili ya kazi yao tu. Tatu, dereva, mchukuzi na karani wale kiapo cha kutunza siri, na avunjaye aadhibiwe, awe mdogo au mkubwa. Nne, karatasi za tiba zisipewe polisi wala mwanasiasa yeyote, wa chama kinachotawala au wa chama chetu, pasipo amri ya mahakama.

Tunawaomba wanachama walijadili shauri hili matawini, na wawaulize wawakilishi wao msimamo wao uwazi. Nao walio wauguzi na madereva miongoni mwenu wasingoje sheria: waandike wayaonayo, wayakabidhi kwa daktari, kisha wanyamaze.