Dama au Sega la Nyuki: Ubao Gani Umfuate Bibi Harusi?



Vyombo vya bibi harusi tunavijua: sufuria, mashuka, udi na chetezo. Mimi naongeza ubao wa mchezo wa watu wawili. Hapa Mbweni, kama Unguja yote, waume wengi baada ya Isha huelekea barazani kwenye bao, dama na keram. Mke hubaki na simu yake, na mazungumzo hupungua tangu mwaka wa kwanza.

Dama ina miraba 64 na haina ubaya. Lakini mume aliyekulia barazani atakufunga kila usiku mpaka uchoke. Chagueni mchezo ambao nyote ni wageni.

Mimi napendekeza Hex, uliobuniwa na Piet Hein wa Denmark mwaka 1942. Ubao wake una vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki, 11 kwa 11. Kila mmoja ana pande mbili zinazotazamana. Mnaweka kete moja moja kwa zamu, na wa kwanza kuunganisha pande zake ameshinda. Kwenye miraba, vyumba vinne hukutana kwenye kona moja, na hapo watu hubishana kama njia imepita au imezibwa. Kwenye pembe sita hukutana vitatu tu, kwa hiyo hakuna ubishi, na mchezo hauishi sare kamwe.

Anayeanza ana nafuu, kwa hiyo mmoja aweke kete ya kwanza, mwenzake achague upande autakao. Uadilifu huo unafaa hata nje ya mchezo.

Nimeuchagua pia kwa sababu hauna dadu. Catan nao una vyumba vya pembe sita, lakini unachezwa kwa dadu, na wanazuoni wengi wamekataza michezo ya dadu hata bila ya kamari.

Gharama hakuna. Chora kwenye kadibodi safu za matofali, kila safu isogee nusu tofali kulia kuliko ya juu yake. Kila tofali litapakana na sita, sawasawa na sega. Kete ni kunde na choroko.

Enyi makungwi na masomo, mfundisheni mwari mchezo huu kabla ya harusi. Msiwekeane dau, na sala isicheleweshwe.