Wastani Usioketi Mezani

Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani aliyejipatia nafasi kupitia intaneti, alitwaa ubingwa wa dunia wa poka mjini Las Vegas pamoja na dola milioni 2.5. Baada ya ushindi huo mchezo huu wa karata ulipata wafuasi wengi mtandaoni, na programu kama PokerTracker zikaenea, ambazo huhifadhi kila mgawo wa karata na kumhesabia kila mchezaji takwimu zake. Uhalali wa kamari siujadili hapa. Nimevutiwa na takwimu zenyewe, kwani kosa linalofanywa katika kuzifasiri aghalabu hufanywa pia na sisi wanafunzi wa Kiswahili.

Takwimu mashuhuri ni asilimia ya migawo ambayo mchezaji aliiingia kwa hiari, yaani alitia fedha asizolazimishwa na kanuni. Tuchukue mchezaji aliyecheza migawo 2,000 katika meza za watu tisa akaingia mara 300, kisha akacheza migawo 200 dhidi ya mpinzani mmoja akaingia mara 160. Kwenye meza pana asilimia yake ni 15. Ana kwa ana ni 80. Asiyejua hujumlisha hizo mbili akagawanya kwa mbili, akapata 47.5. Ajuaye hugawanya 460 kwa 2,200, akapata karibu 21. Huyu wa pili yu sahihi kihesabu, lakini mchezaji wa asilimia 21 hayuko popote! Anayeitegemea namba hiyo atamwogopa mwenzake bure wakiwa wawili, na atamdharau wakiwa tisa. Kote kuwili ataliwa. Hata katika meza moja, anayetangulia kuamua huingia mara chache kuliko aliyeketi kiti cha mgawaji, ambaye amekwisha kuona wengi wakiamua.

Isitoshe, kuna suala la wingi wa data. Mchezaji ambaye tabia yake halisi ni asilimia 20 anaweza, katika migawo 100, kuonyesha 12 au hata 28 kwa bahati tu. Ikifika migawo 10,000, tofauti hiyo hupungua hadi kati ya takribani 19 na 21. Programu huandika namba kwa wino uleule katika hali zote mbili, na jicho la binadamu huheshimu namba.

Sasa turejee nyumbani. Mwanafunzi wa elimumitindo huhesabu maneno katika sentensi za riwaya, akatangaza kwamba mwandishi hutumia wastani wa maneno 12. Riwaya hiyo ina majibizano ya maneno manne manne na masimulizi ya maneno ishirini ishirini. Huenda sentensi ya maneno 12 haimo kabisa. Hata hivyo juu ya namba hiyo hujengwa sura nzima ya tasnifu, na msimamizi, kwa kuwa hakupenda hisabati tangu shule ya msingi, huipitisha.

Kwa maoni yangu, mhariri wa jarida hili hana budi kuirudisha makala yoyote itoayo wastani bila kutaja idadi ya sentensi zilizohesabiwa na jinsi zilivyotawanyika, hata ikiwa imeandikwa na mhadhiri.