Kambale yupi, tarehe ipi?
Safu ya Kakule

Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina kabla ya kushika Beni na Butembo. Ilipotangazwa kwisha, 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamefariki.

Aliyekaribiana na mgonjwa alifuatiliwa siku 21, na ufuatiliaji wa namna hiyo hutegemea orodha: jina, simu, tarehe. Kwa Wanande wa huko jina peke yake halifiki mbali. Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Mtu akiita "Kambale!" sokoni Butembo, vichwa vingapi vitageuka? Wanatofautishwa kwa simu na tarehe.

Na hivyo viwili ndivyo Excel huharibu kwanza. Karani akibonyeza faili ya CSV mara mbili, programu hujiamulia kila safu ni ya nini. Simu ya Congo ina tarakimu 10 na huanza na sifuri. Excel huidhania hesabu, sifuri ikatupwa. Hilo linatibika: zikibaki tisa, kilichopotea kinajulikana.

Tarehe haitibiki kirahisi. Kompyuta iliyopangwa Kimarekani husoma 01/08/2018 kuwa 8 Januari, bila onyo. Lakini 25/06/2020 huiacha ilivyo, maana hakuna mwezi wa 25. Safu moja, baadhi ya tarehe zimegeuzwa na nyingine zimesalimika, na siku 21 zinahesabiwa kutoka hapo.

Hata wanasayansi wamesalimu amri. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliibadili MARCH1 kuwa MARCHF1, kwa kuwa Excel ilikuwa ikiigeuza tarehe ya mwezi wa Machi.

Kumlaumu karani ni rahisi, lakini mpangilio wa kompyuta ni jukumu la ofisi. Beni na Butembo zimejaa mashirika yanayobadilishana orodha. Kila moja liandike utaratibu na kuubandika ukutani. Faili asili isiguswe. Karani afungue jedwali tupu, aingie menyu ya Données, alete faili kutoka huko, na kabla ya kupakia azipe safu za simu na tarehe aina ya Texte. Tarehe zenyewe ziandikwe mwaka kwanza: 2018-08-01.