FUNDI WETU: Mpira wa Esanse Haufungwi na Kamba



Mwezi huu najibu swali la mama mmoja wa hapa kambini. Kijana wake anajifunza garaji kule Gikondo, Kigali, na anakaa na dada yake katika chumba kimoja. Mama alipoenda kuwasalimia, alimkuta kijana anarudi jioni nguo zinanuka esanse, halafu anakaa karibu na mbabula kuota moto. Anauliza: “Ni harufu ya kazi tu, ao kuna hatari?”

Mama, hatari ipo, tena kubwa. Nguo yenye esanse inaweza kuwaka kabla haijagusa moto, maana kinachowaka ni mvuke wake. Kijana avue nguo za kazi nje, azianike nje, azifue peke yake. Na chupa ya esanse isilale ndani ya nyumba hata usiku mmoja.

Lakini tujiulize pia: esanse ilimfikiaje? Mimi nami nilijifunzia Gikondo, kule bondeni, wakati viwanda vingi bado havijahamishiwa Masoro. Wanafunzi tulipewa magari ya zamani. Mipira yake imekaa miaka karibu na joto la injini, imekauka. Ukiikunja unaona nyufa. Mwenye gari anakwambia: “Funga tu na kamba, nifike Nyabugogo.” Siku moja nilifunga, kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Gari halikufika mbali. Esanse ilidondokea bomba la moshi, moto ukawaka. Tuliuzima kwa mchanga, hakuna aliyeumia, lakini usiku ule sikulala.

Basi kijana, sikiliza vizuri:

1. Gari la injeksheni lina presha kwenye mipira, mara nyingi karibu bar 3. Toa fyuzi ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe. Kisha toa waya hasi wa betri, acha injini ipoe.

2. Fanyia kazi mahali penye hewa, si ndani ya shimo la garaji. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia chini. Sigara mbali, na simu weka pembeni.

3. Usiweke mpira wa maji, esanse itaulainisha na kuuvimbisha. Soma maandishi juu ya mpira: SAE J30R7 ni wa kabureta, SAE J30R9 ni wa injeksheni. Kata vipande vyote vilivyozeeka, si pale panapovuja tu.

4. Klipu ya skrubu yenye matundu kwenye ukanda hukata mpira. Kwa injeksheni tafuta yenye ukanda laini. Ingiza mpira upite uvimbe wa bomba, klipu ikae nyuma ya uvimbe huo. Kaza kiasi, usiubane mpaka uumie.

5. Rudisha fyuzi na waya wa betri. Fungua swichi mara mbili tatu bila kuwasha injini, kisha pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Ikilowa, anza upya.

Gari la mazutu nalo lina mambo yake: usitafute panapovuja kwa kidole wakati injini inafanya kazi. Presha ya injekta inaweza kupenya ngozi, na kidonda hicho ni cha hospitali siku hiyo hiyo, hata kikionekana kidogo.

Na hili la kunyonya esanse kwa mdomo, tafadhali liache. Ikiingia mapafuni inaweza kuua. Aliyemeza asitapishwe, apelekwe kituo cha afya haraka.

Najua utaniambia: “Mzee, bosi hataki kununua mpira.” Mwambie kwa heshima kwamba gari hilo halitoki. Ukifukuzwa, inauma, najua, sisi wakimbizi kazi hatuzipati kila siku. Lakini mteja akikukasirikia leo, kesho anaweza kurudi. Aliyeungua ndani ya gari uliyofunga wewe harudi.

Mama, msomee kijana haya kwa simu. Tuonane mwezi ujao, tutaongea juu ya breki.